Nyumba za Mawe za Watu wa Kale huko Dartmoor

Tukisikia Uingereza ikitajwa, wengi wetu hufikiri habari za miji mikubwa na viwanda. Lakini upande wa kusini-magharibi wa nchi ile, katika Devon, ziko nyanda za juu ziitwazo Dartmoor. Huko kuna upepo, ukungu na mawe, wala kilimo hakisitawi juu kule. Hata hivyo, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita palikaa wakulima na wafugaji. Misingi ya nyumba zao ingaliko, nayo huhesabiwa kwa maelfu.

Mahali pajulikanapo sana ni Grimspound. Hapo ukuta mnene umezunguka misingi ya nyumba 24, zote za mviringo. Kuta zilikuwa za mawe, na juu yake paa la miti lililoezekwa. Wataalamu walipochimba mwaka 1894, walikuta meko, makaa na mawe ya kupikia. Kijito nacho hupita papo hapo. Basi ni dhahiri kwamba wenyeji walichagua makao yao kwa akili.

Tena walijenga kuta ndefu za kugawanya mashamba na malisho, nyingine zikienda maili kadhaa. Kazi kama hiyo haifanywi na mtu mmoja. Yataka watu wapatane.

Mbona basi wakahama? Zamani nyanda zile zilikuwa na miti, nao wakaikata wapate malisho. Baadaye, wasema wataalamu, baridi na mvua zilizidi, na udongo ukapoteza nguvu, ukawa mchachu na kujaa maji. Kidogo kidogo watu wakateremka mabondeni.

Udongo huo mchachu huozesha hata mifupa, nao watu wale hawakuacha maandishi. Kwa hiyo shahidi wao mkubwa ni mawe. Walakini karne za baadaye watu walichukua mengi wakajengea nyua za mashamba na barabara, na kila yalipoondolewa, habari za jamaa fulani zikapotea kabisa. Siku hizi mahali pengi pa namna hiyo panalindwa kwa sheria.

Basi, ndugu zangu, mtu aonapo mawe ya kale yaliyopangwa kwa mikono ya watu, asifanye haraka kuyabeba. Na awaulize kwanza wazee na wenye elimu. Yamkini hakuna habari nyingine iliyosalia ya watu hao.