Pumzi ya Mtoto Haingoji Mapambazuko

Usiku katika mtaa wa Nyakabiga, mjini Bujumbura, askari wa zamu huona mambo ambayo mchana hayaonekani. Mama aliyembeba mtoto ndani ya khanga hutoka mbio kuelekea barabara kuu. Mtoto huyo halii, na si kwamba ametulia, bali hana pumzi ya kulilia. Mara nyingi mtu wa kwanza mama huyo kukutana naye ni askari, na hatua itakayochukuliwa hapo ni sehemu ya matibabu.

Nimonia, yaani homa ya mapafu, huua watoto wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote wa kuambukiza. Kila mwaka watoto zaidi ya 700,000 walio chini ya umri wa miaka mitano hufa duniani kwa ajili yake. Burundi haikukaa kimya. Mwaka 2006 matibabu ya watoto wa umri huo yalifanywa kuwa bure, na mwaka 2011 ikaanza kutolewa chanjo ya kukinga vijidudu vya nimonia. Hata hivyo, dawa iliyoko hospitalini haimsaidii mtoto aliyebaki chumbani.

Kuutambua ugonjwa huu hakuhitaji mashine. Kunahitaji saa na macho, na askari anavyo vyote viwili. Mtoto akiwa ametulia, kifua chake hutazamwa kikipanda na kushuka kwa dakika moja kamili. Asiyetimiza miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi, kuna hatari. Kwa mwenye miezi 2 hadi 11 kiwango cha hatari ni mara 50, na kwa mwenye mwaka mmoja hadi mitano ni mara 40. Lakini kifua kikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, au midomo ikigeuka rangi ya buluu, hapana tena haja ya kuhesabu. Ni kwenda hospitali mara moja. Kumkata kilimi, au kumpa vidonge vilivyosalia vya mgonjwa mwingine, ni kupoteza saa ambazo mtoto hana.

Kwa mtoto anayezaliwa muda ni mfupi zaidi. Asipopumua, hukaushwa na kusuguliwa mgongo; akiendelea kunyamaza, mkunga humpulizia hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 kutoka hospitali nane za Tanzania yalionyesha kwamba baada ya wakunga kufundishwa kazi hiyo, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Vifaa hivyo havimo katika nyumba za watu. Kwa hiyo askari ambaye mkewe ni mjamzito, awe kambini au mbali kwenye ulinzi, hana budi kupanga mapema nani atamfikisha mkewe kwa mkunga. Tena ahakikishe kwamba jiko la makaa na sigara havimo katika chumba anacholala mtoto.

Limebaki suala la njia. Kutoka Nyakabiga kwenda kwenye hospitali za Kamenge, ikiwamo Hospitali ya Kijeshi, ni lazima kuvuka mto Ntahangwa. Mwaka 2015 Nyakabiga ilikuwa miongoni mwa mitaa ya Bujumbura iliyowekewa vizuizi. Mambo ya wakati ule yana mahali pake pa kujadiliwa, lakini somo moja halina ubishi: barabara ikifungwa, mtoto asiyeweza kupumua hufungiwa pia.

Hapana anayemtaka askari aache kazi yake. Ulinzi ni wajibu, na ukaguzi una sababu zake. Lakini karatasi za mama zaweza kutazamwa mtoto akiwa tayari mikononi mwa mganga, na gari la doria laweza kufika hospitalini na kurudi zamuni. Silaha alizokabidhiwa askari ni za kulinda uhai wa raia, na hakuna raia dhaifu kuliko yule anayepigania pumzi yake ya kwanza. Askari anayemfungulia njia usiku huo amelitumikia taifa sawasawa na yule aliye mpakani.