Nuru Ndani ya Kichwa cha Mtoto



Ndugu vijana wa Kinoru, na nyinyi wazazi wetu. Baada ya darsa wengine wenu mliniuliza kama ni kweli wataalamu wanatia taa ndani ya ubongo. Naam, ni kweli. Mwaka 2005 watafiti wa Stanford, Marekani, walieleza jinsi walivyochukua jeni ya mwani mdogo unaohisi mwanga, wakaitia katika seli za ubongo. Mwanga wa buluu ukiwaka, seli zinaamka. Baadaye wakapitisha uzi mwembamba wa kioo ndani ya fuvu la panya. Kwa binadamu bado ni mwanzo tu.

Hayo ni ya mbali. Taa iliyo karibu nasi iko Mbale, Uganda, ng'ambo ya mpaka.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, daktari Mmarekani, Benjamin Warf, alikuwa hospitali ya CURE pale Mbale. Alipokea watoto wengi wenye kichwa kikubwa. Maji ya ubongo, ambayo hata wewe unayo, yamekosa njia. Yanajaa, kichwa kinapanuka, ubongo unabanwa. Zaidi ya nusu ya watoto wale chanzo kilikuwa maambukizi, mara nyingi ya mwezi wa kwanza baada ya kuzaliwa. Si uchawi, jamani.

Tiba iliyozoeleka ni kuweka mrija kutoka kichwani, chini ya ngozi, mpaka tumboni. Unasaidia, lakini unaweza kuziba. Sasa uzibe saa nane za usiku, na hospitali ni safari ya siku nzima kwa matatu, utafanyaje? Warf akaingiza kupitia utosi kifaa chembamba chenye taa na kamera, akatoboa njia mpya ya maji, kisha akachoma tishu inayoyatengeneza. Mtoto anarudi nyumbani bila mrija wowote. Si wote wanaofaulu; wengine huishia kuwekewa mrija. Mwaka 2017 yakatoka matokeo ya watoto 100 wa hapo hapo Mbale: baada ya mwaka mmoja, ukuaji wa akili haukuonyesha tofauti kubwa kati ya njia hizo mbili.

Na sisi je? Mtoto anafichwa chumba cha nyuma. Mara jini, mara laana ya ukoo wa mama. Anapewa kombe, miezi inapita. Dua soma, hakuna aliyekukataza, lakini isome ukiwa ndani ya gari. Ubongo uliobanwa haungoji. Tunapenda sana kujisifu kwa Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeandika juu ya nuru na jicho karne ya 11. Sawa, lakini sifa hizo hazipimi kichwa cha mtoto. Kinachopima ni ile futi laini ya kliniki.

Basi mama, ukienda kliniki, omba kichwa kipimwe na kiandikwe kitabuni. Utosi ukivimba, mishipa ya kichwa ikitokeza, macho yakielekea chini kama jua linalotua, mtoto akitapika na kukataa ziwa, usingoje Idd. Nenda hospitali kubwa, uulize daktari kuhusu upasuaji. Hapa Kenya unafanywa, Kijabe na Kenyatta. Na wewe baba, nauli ni yako.