Jina Ukutani, Maji Tangini

 Popote ulipo, jikoni, kwenye matatu, au dukani ukisubiri wateja, vuta kiti. Nina jambo la kuzungumza nawe, nalo linaanza na tangi la maji.

Mtaani kwetu kuna mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Anauza misumari, saruji, mabati, rangi, mifereji ya plastiki. Mbele ya duka lake hupita watoto wa shule kila asubuhi, na kwa miaka mingi watoto hao walipita wakiwa na vitu viwili: begi mgongoni na mtungi wa lita tano mkononi, kwa sababu shule haikuwa na maji. Mzee akachoka kuwatazama. Akatoa tangi la lita elfu kumi, akatoa mifereji ya kukinga maji ya mvua kutoka paa la madarasa manne, akamlipa na fundi.

Siku ya kukabidhi ilikuwa shughuli. Mahema, vipaza sauti, viti vya wageni waalikwa vimefunikwa vitambaa vyeupe. Hotuba sita nilizihesabu. Mzee aliketi safu ya tatu, na jina lake liliposomwa lilisomwa visivyo. Akapewa cheti chenye fremu, akapigwa picha, watu wakala wali, wakatawanyika. Mvua za mwaka uliofuata ziling'oa mfereji mmoja. Baadaye bomba likakatika shingo. Hakuna aliyegusa. Ukipita asubuhi ukawaona watoto, mitungi imerudi mikononi. Cheti kipo dukani hadi leo, kimetundikwa juu ya madebe ya rangi. Kila mteja hukisifu. Mwenyewe sijamwona hata siku moja akikiinulia macho.

Msikilizaji, hapo ndipo mazungumzo yetu ya leo yalipo. Tunajua kuwapongeza wanaotoa. Tuna vyeti, tuna vikombe, tuna hafla za kila namna. Lakini mimi naamini heshima ya mtoaji iko kwanza katika kile alichotoa. Ukikitunza, umemheshimu. Ukikiacha kikaoza, hata ungemchongea sanamu, umemdharau.

Najua kuna msikilizaji anasema moyoni: kwani kuna haja gani ya kumtaja mtu? Tenda wema nenda zako. Ni methali nzuri, nami nimelelewa nayo. Ila tuisikilize vizuri inamsemesha nani. Inamsemesha mtendaji: wewe uliyefanya wema, usisimame pale kungoja malipo. Aliyetendewa haikumpa ruhusa ya kusahau. Wazee waliosema tenda wema nenda zako ndio hao hao waliosema asiyeshukuru kidogo hata kikubwa hatashukuru.

Na wazee wa pwani hawakuishia kwenye methali. Walikuwa na utaratibu, na utaratibu huo unaitwa wakfu. Mtu mwenye mali huitenga sehemu yake, iwe nyumba, shamba la minazi au chumba cha duka, akaifunga kwa ajili ya kheri. Tangu siku hiyo mali ile haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi zawadi. Asili yake inabaki, na yale mapato, kodi ya nyumba au bei ya nazi, ndiyo yanayotumika: kuwasha taa za msikiti, kusomesha yatima, kukarabati kisima. Huteuliwa msimamizi, anaitwa mutawali, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba masharti ya mtoaji yanafuatwa hata baada ya mtoaji kufa. Hadi leo Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Kenya nayo ina tume yake ya wakfu.

Tazama busara iliyomo. Aliyeweka wakfu hakutoa kisima peke yake. Alitoa kisima pamoja na kamba, ndoo na fundi wa kukizibua. Matunzo yako ndani ya zawadi. Lau tangi la mzee wetu lingekuja na chumba kimoja cha duka ambacho kodi yake ni ya kutengeneza mifereji, watoto wasingeshika mitungi tena.

Sasa tutoke pwani, tupande treni hadi Nairobi, maana kisa ninachokipenda kuliko vyote katika habari hii kiko katikati ya jiji hilo.

Kuna bustani pale, kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu Street. Saa za mchana utakuta wahubiri, wapiga picha, karani aliyekimbia joto la ofisi, kijana anayetafuta kazi akiisoma barua yake kwa mara ya kumi, na vikundi vya watu wanaojadili siasa kwa sauti ya juu. Hata kuna mkusanyiko wa mijadala unaojiita Bunge la Mwananchi. Huingii kwa tikiti. Huulizwi umetoka wapi. Bustani hiyo inaitwa Jeevanjee, na wengi wanaolala kwenye nyasi zake hawajui kwamba Jeevanjee ni mtu.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856. Alifika Mombasa mwaka 1890, akafanya biashara, na reli ya Uganda ilipoanza kujengwa yeye akawa mkandarasi wa kuleta wafanyakazi na bidhaa. Mwaka 1902 alianzisha gazeti pale Mombasa, The African Standard. Aliliuza baada ya miaka michache, lakini gazeti lenyewe halikufa: ndilo lililozaa The Standard linalouzwa Kenya hadi leo. Alijenga majumba Nairobi, alijenga soko, akawa Mhindi wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria zama za Waingereza, na humo na nje yake alipinga ardhi nzuri ya nyanda za juu kutengwa kwa ajili ya Wazungu peke yao.

Mwaka 1906 akatoa bustani hii kwa wakazi wa mji, akaweka ndani yake sanamu ya Malkia Victoria. Nairobi wakati huo ilikuwa mji wa mahema, mabati na matope, tena mji unaompangia kila mtu pa kukaa kwa rangi ya ngozi yake. Katikati ya mji wa namna hiyo mfanyabiashara anatoa kipande cha ardhi ili watu wakae tu, wapumzike! Baadaye mali nyingi zilimponyoka, akafariki mwaka 1936 akiwa si yule tajiri wa zamani. Bustani ikabaki.

Ikabaki kwa sababu kuna watu walioisimamia. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kujenga juu ya bustani hiyo maegesho ya magari na majengo ya biashara. Mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, akasimama kuupinga. Huo haukuwa wakati mwepesi wa kupinga mambo Kenya. Miaka miwili tu kabla, mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alikuwa ametukanwa hadharani kwa kupinga kujengwa kwa jumba refu katika bustani ya Uhuru Park. Zarina Patel hakurudi nyuma, wananchi wakamuunga mkono, na mpango ukafa. Baadaye akaandika kitabu kizima juu ya maisha ya babu yake na mapambano yake ya kutaka usawa.

Nataka uone alivyomheshimu babu yake. Hakuanza kwa kuomba kibao cha shaba. Alianza kwa kuzuia tingatinga. Kama bustani ingechimbwa, jina la Jeevanjee lingeweza kubandikwa kwenye lango la maegesho ya magari, na lisingekuwa na maana yoyote.

Kisa cha pili nitakisema kwa ufupi. Ukishuka boti Unguja ukatembea barabara ya Mizingani, utaona jumba refu lenye roshani za mbao zilizonakshiwa kama kitambaa cha darizi. Alianza kulijenga Tharia Topan, mfanyabiashara aliyewahi kuwa mkuu wa forodha wa Zanzibar. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, na nia ilikuwa hospitali. Topan akafariki mwaka 1891 kazi haijafika mwisho. Baadaye jumba likanunuliwa kwa mali ya kheri ya mfanyabiashara mwingine, Nasser Nurmohamed, na chini yake pakawa zahanati. Ndiyo maana hadi leo linaitwa Zahanati ya Zamani. Ikaja miaka ya kutelekezwa: paa linavuja, mbao zinaoza, roshani zinaning'inia. Katika miaka ya 1990 Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ukalikarabati. Watu wawili walitoa, kizazi kingine kikasahau, kingine kikakumbuka. Kama lisingekarabatiwa, leo tungekuwa tunataja majina mawili juu ya kifusi.

Labda unasema hao ni matajiri, majina yao yatakumbukwa tu. Je, aliyetoa shilingi kumi?

Swali hilo si la kubuni. Julai 2011 njaa iliposhika kaskazini mwa Kenya, na picha za Turkana zikaonekana kwenye kila televisheni, wakfu wa Safaricom, benki ya KCB, wenye vyombo vya habari na Shirika la Msalaba Mwekundu walianzisha mchango wa Wakenya kwa Wakenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 katika wiki nne. Mtu aliweza kutuma kwa M-Pesa hata shilingi kumi. Na watu wakatuma: mama mboga, makondakta, wanafunzi waliokusanya pesa za vitafunio. Lengo likapitwa. Makampuni makubwa yalitajwa, na yalistahili kutajwa. Lakini yule wa shilingi kumi utampa cheti gani? Huna. Njia pekee ya kumheshimu ni kumwambia pesa yake ilifika wapi: chakula kiasi gani, kisima kipi, shule ipi. Hesabu iliyosomwa wazi ndiyo cheti cha mchangaji mdogo. Ndiyo maana mweka hazina anayeficha vitabu vya harambee huwa amewaibia watu mara mbili, amechukua pesa yao na amechukua heshima yao.

Kuna na wale wanaotoa wasichoweza kukiandikia risiti, yaani maisha yao. Machi 2019 mwalimu wa sayansi kutoka Njoro, kaunti ya Nakuru, Bruda Peter Tabichi wa shirika la Wafransisko, alipewa mjini Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja. Alikuwa akifundisha Shule ya Sekondari ya Keriko, shule ya kutwa ya kijijini yenye kompyuta moja, na sehemu kubwa ya mshahara wake, asilimia 80, alikuwa akiwapa wenye shida. Nililofurahia ni kwamba waliompa tuzo waliitangaza na shule yenyewe, na hali yake, na wanafunzi wake. Dunia ilimtazama mwalimu ikalazimika kuitazama na ile kompyuta moja.

Kabla sijarudi kwenye tangi, nina neno juu ya picha. Siku hizi kampuni ikitoa unga, lazima anayepokea asimame ameshika mfuko, mtoa na mpokeaji wakitabasamu kuelekea kamera. Mama yule ana majirani. Ana watoto wanaosoma. Picha ile itazunguka kwenye simu za watu wanaomjua. Nawaomba wenye makampuni wanaonisikiliza, na najua wengi wenu mnatoa kwa moyo safi: pigeni picha ya unga, pigeni picha ya lori, pigeni picha yenu wenyewe mkipakua magunia. Mwacheni mama aende nyumbani na unga wake.

Na kamati za shule, za misikiti, za makanisa, za zahanati: mkitaka kumheshimu mtu, anzeni kwa kumuuliza. Wako wanaopenda jina lisomwe, na hilo si dhambi. Wako ambao ukiwataja umewaharibia sadaka yao. Anayekubali kutajwa, liandikeni jina lake sawasawa. Fundi aliyetoa siku tatu za kazi bila malipo, naye asomwe, asiachwe kwa kuwa hakuja na hundi. Halafu, katika bajeti ya mwaka unaofuata, wekeni mstari mmoja wa kukitengeneza kile mlichopewa.

Tangi lile? Mwaka jana shule ilipata mwalimu mkuu mpya. Mama huyu alikuta tangi limekauka, mjusi anaishi kwenye bomba, akauliza limetoka wapi. Alipoambiwa, hakuitisha hafla. Aliwaita wazazi, wakachanga, mfereji ukarudishwa, bomba likafungwa jipya, na mwanafunzi wa darasa la saba akapewa kazi ya kuandika daftarini kila Ijumaa maji yamefika wapi. Mvua zilipokatika akamtuma mtoto dukani na ujumbe: mzee, karibu shuleni ukipata nafasi.

Mzee alifunga duka saa sita mchana, jambo ambalo halifanyi ila siku ya maziko. Nilifuatana naye. Hapakuwa na mahema wala kipaza sauti. Watoto walikuwa kwenye mapumziko, wamepanga foleni bombani, mikono mitupu, wanakinga maji kwa viganja. Mzee alisogea kando ya tangi, akaligonga kwa vifundo vya vidole kuanzia chini, akipanda taratibu, kichwa amekiinamisha kama daktari anayesikiliza kifua. Ngoo, ngoo, ngoo. Mlio ulipobadilika akaacha kugonga, akauweka mkono wake pale pale.

"Limepita nusu," akasema.