Vipimo Safi, Mwili Unauma

Ndugu zangu wa hapa Manchester, sitawachelewesha. Pilau nainusa kama ninyi.

Mimi ni muuguzi, na kuna mgonjwa mnayemjua wote. Usiku anabeba boksi, asubuhi anatuma hela nyumbani. Kichwa kinagonga, mgongo unawaka moto, moyo unakwenda mbio. Amepimwa damu, amepigwa picha, kila kitu safi. Huku anaambiwa hana ugonjwa. Kule nyumbani anaambiwa karogwa. Na bado anaumwa.

Hajifanyi. Kemikali za ubongo zinazohusika na hisia, serotonini na noradrenalini, ndizo hizo hizo zinazosaidia kutuliza maumivu yanayopita kwenye uti wa mgongo. Ndiyo maana sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, inaweza kuanza kwa mwili kuuma kabla mtu hajajiona ana huzuni.

Wala si mambo ya Waafrika peke yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, ulihusu vituo 15 vya afya katika nchi 14: Ibadan ya Nigeria imo, na Manchester hii hii imo. Kati ya wagonjwa 1,146 waliokutwa na sonona, asilimia 69 walikuwa wamemweleza daktari shida za mwili tu. Walipoulizwa waziwazi kuhusu dalili za kihisia, asilimia 11 tu ndio waliokana kuwa nazo.

Sisemi kila kichwa kinachouma ni sonona. Pima kwanza: wingi wa damu, sukari, tezi ya shingoni, na vitamini D, maana jua la huku ni la kubahatisha. Vikirudi safi, mweleze daktari yale unayoyaficha: kwamba hata siku ya mapumziko unaamka saa tisa usiku na usingizi haurudi, kwamba chakula hakina ladha, kwamba dada yako akipiga simu unaiacha ilie.

Kuna jambo linaniudhi. Mama anaingia kwa daktari, binti yake wa miaka 12 ndiye mkalimani. Mama gani atamtuma mwanawe aseme, “Mama anatamani asiamke”? Atasema mgongo. Ombeni mkalimani wa Kiswahili, hamlipi hata senti. Na tiba ya mazungumzo, hapa England, unajiandikisha mwenyewe bila barua ya daktari. Binti mwacheni aende shule.