Kibali cha Mgeni Wetu: Maelezo ya Kamati ya Fedha kwenye Mkutano wa Mwaka



Kamati ya fedha tumepewa dakika kumi. Tunazitumia kwa swali moja mnalotupigia simu kila wiki: kwa nini mradi wa asali na nta umesimama, na fedha mlizochanga mwaka jana ziko benki?

Mnamfahamu mtaalamu wetu kutoka nchi jirani. Alikuja Tabora kujitolea kwenye taasisi moja ya dini, akawafundisha vijana wetu kusafisha nta na kutengeneza mishumaa na mafuta ya kujipaka. Vijana wakampenda. Tukasema huyu tumwajiri, awe meneja wa mradi. Kikao kikapitisha kwa makofi, na sisi wahasibu tulipiga makofi pamoja na wengine.

Hapo ndipo tulipokosea, na tunalisema mbele yenu. Kwa miezi mitatu tulimlipa shilingi 250,000 kila mwezi, kwenye vocha tukaandika "nauli". Haikuwa nauli, ulikuwa mshahara. Tulipokaa kufunga hesabu tukatazamana, tukaona hatuwezi kuweka sahihi. Tukasimamisha malipo siku hiyo hiyo, tukamweleza ndugu yetu, naye akarudi kwenye kazi yake ya kujitolea. Vocha hizo tatu zimerekebishwa na zimo kwenye taarifa ya mapato na matumizi. Zisomeni.

Sasa sheria inasemaje? Chini ya Sheria ya Uhamiaji ya 1995, kibali cha ukaazi kina madaraja matatu. Daraja A ni la mwekezaji au anayejiajiri, B la mwajiriwa, C la wengine kama wanafunzi, watafiti, wamisionari na wanaojitolea. Mgeni anakaa nchini kwa shughuli iliyoandikwa kwenye kibali chake. Shughuli ikibadilika, kibali kile hakimfuati. Aliyekuja kujitolea hageuki mwajiriwa kwa sababu kikao cha Isevya kimepiga makofi.

Kuna na karatasi ya pili. Tangu Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, kibali cha kazi kinatoka kwa Kamishna wa Kazi, tofauti na kile cha Uhamiaji, nacho kina herufi zake. Mtu wa shughuli za dini na hisani yuko daraja D upande wa kazi, lakini daraja C upande wa ukaazi. Akiajiriwa kwa taaluma kama hii ya nta, anakuwa C upande wa kazi na B upande wa ukaazi. Sisi tunaoishi na tarakimu tulilazimika kuchora jedwali ndipo tukaelewa. Na kibali cha kazi kinamtaja mwajiri. Cha taasisi hakiwezi kutumiwa na chama.

Wapo waliosema, "Huyu ni wa Afrika Mashariki, mipaka si imefunguliwa?" Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, ni kweli, lakini kibali cha kazi bado kinatakiwa. Wengine wakashauri tumpe hisa kwenye karatasi ili aombe daraja A kama mwekezaji. Tumekataa. Mtu asiye na mtaji wake ndani ya mradi si mwekezaji, na sisi hatutaandika kwamba ni mwekezaji.

Tabora imezoea wageni wa kubadilisha shughuli. Mwaka 1871 Stanley alifika Unyanyembe kama mwandishi wa gazeti anayemtafuta Livingstone. Haikupita miezi mingi akawa ameshika bunduki upande wa Waarabu dhidi ya Mirambo, wakapigwa, akalazimika kuzunguka kusini ndipo afike Ujiji. Enzi hizo misafara ililipa hongo kwa watemi ili ipite. Hongo ile ilikuwa ushuru wa njia unaojulikana na wote. Hii ya siku hizi hatuna fungu lake kwenye bajeti, na yule aliyetuambia "kuna mtu anaweza kulimaliza" tunamwomba asiturudie.

Njia iliyobaki ni chama kuomba kama mwajiri, wazi. Na hapa kuna swali gumu. Mwajiri lazima aeleze kwa nini hakupata Mtanzania, na awe na mpango wa kurithisha ujuzi kwa Watanzania. Ndugu zetu, Chuo cha Ufugaji Nyuki kipo Tabora hapo hapo! Mtu anaondoka Isevya asubuhi na chai anakunywa akiwa amesharudi. Tutamwambia nini Kamishna?

Tulikwenda kuuliza. Wahitimu wapo. Wanachokosa ni mazoezi ya kutengeneza bidhaa za nta na kuzifungasha, na hicho ndicho mgeni wetu anacho. Kwa hiyo tunapendekeza tuajiri kwanza vijana wawili wahitimu, wana wa nyumbani. Kisha tumwombee yeye kibali cha miaka miwili, ambacho ndicho kipindi cha kwanza kisheria, majina ya vijana hao yakiwa kwenye mpango wa kurithisha ujuzi. Baada ya hapo mradi ni wao. Kibali kikikataliwa, vijana bado wapo kazini.

Fedha zilizoko benki zinatosha mashine na ada za maombi. Hazitoshi mishahara ya vijana wawili kwa miezi ishirini na minne. Hicho ndicho tunachochangia leo. Fomu za ahadi ziko katikati ya kabrasha hili. Jazeni jina, kiasi na mwezi wa kulipa, na risiti mtapewa kabla hamjatoka ukumbini.

Maombi hayatapelekwa mpaka vijana wawe wameajiriwa. Mwenyekiti, tunarudisha kipaza sauti.