Klabu Ikifa, Uwanja Ubaki

(Mazungumzo kwa wakazi na mashabiki wa soka wa kaunti)



Timu ya mtaani ikivunjika, shabiki hubaki na jezi kabatini. Wengine huhamia timu kubwa za runinga, wengine huacha mpira kabisa. Mashabiki wa Bury, kaskazini mwa Uingereza, walikataa yote mawili.

Klabu ya Bury ilianzishwa mwaka 1885 ikatwaa Kombe la FA 1900 na 1903. Agosti 2019 ilitimuliwa ligini kwa kushindwa kuthibitisha kwamba ina fedha za kujiendesha. Uwanja wake, Gigg Lane, ukafungwa.

Mashabiki waligawanyika. Kundi moja liliunda klabu mpya, Bury AFC, iliyoanza 2020 katika daraja la kumi, kwenye uwanja wa kuazima. Kundi lingine lilihangaikia uwanja wa zamani, ukanunuliwa 2022 kwa fedha za serikali na wahisani. Kura ya kwanza ya kuungana iligonga mwamba. Ya pili ilipita 2023, na mpira ukarudi Gigg Lane.

Kwa mashabiki wa kaunti, somo liko wazi. Sheria ya Michezo ya 2013 inataka klabu zisajiliwe na Msajili wa Michezo, na Katiba imezipa kaunti jukumu la viwanja. Basi wanachama wadai kusomewa hesabu kabla madeni hayajafika shingoni, na walinde kiwanja kisinyakuliwe. Klabu huweza kufufuliwa. Kiwanja kikishajengwa maduka, hakirudi.