MASHINE NI YETU, NA KARATASI ZIWE ZETU

Maneno ya Kamati ya Hesabu yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa chama. Yamebandikwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuhudhuria.



Mashine ya kukoboa mpunga imekwisha fika. Kila mtu ameiona pale ghalani, na watoto wamekwisha panda juu yake mpaka mlinzi amechoka kuwafukuza. Imenunuliwa kwa michango yetu ya misimu mitatu. Sasa kila siku tunaulizwa njiani: "Jamani, mbona haijawashwa?" Leo tunajibu swali hilo.

Mashine haijawashwa kwa sababu tukiiwasha tu, chama kimeanza biashara. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka anayeanza biashara aombe namba ya mlipakodi ndani ya siku 15. Namba hiyo ndiyo wengi tunaiita TIN, na inatolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA. Bila namba hiyo Halmashauri ya Wilaya haitatupa leseni ya biashara, na mnunuzi wa mchele kutoka mjini hatapata risiti ya kumwonyesha mkaguzi wake. Atakwenda kwa wengine.

Yako mawazo mawili yanayozunguka kijijini. Tunataka tuyajibu hapa hadharani, maana neno la pembeni halijengi chama.

WAZO LA KWANZA: TUTUMIE NAMBA YA MTU

Wako wanaosema: "Ya nini kuhangaika? Fulani anayo namba yake ya duka. Tuandikishe mashine kwa jina lake, kesho kutwa tunakoboa." Anayesema hivyo hana nia mbaya. Anaona njia fupi. Lakini hebu tuifuate njia hiyo mpaka mwisho wake.

Mashine ikiandikishwa kwa jina la mtu, mbele ya serikali biashara hiyo ni ya mtu huyo. Leseni itakuwa yake na risiti zitakuwa zake. Akidaiwa, mwenye deni atatafuta mali yake, na kwenye karatasi mashine itahesabiwa humo. Akifariki, Mungu apishe mbali, warithi watakuja na karatasi mkononi, na sisi tutakuja na midomo. Mahakama itasoma karatasi.

Na yeye mwenyewe tutamwonea. Kodi ya mashine itaandikwa kwake, pamoja na kodi ya duka lake. Mauzo ya watu wote yataonekana ni ya mtu mmoja. Tutakuwa tumemtwika ndugu yetu mzigo wa kijiji kizima, halafu mwaka wa pili tuanze kusema ati amekula fedha. Vyama vingapi vimevunjika namna hiyo? Kwa hiyo Kamati inasema wazi: mali ya chama iandikishwe kwa jina la chama.

WAZO LA PILI: TUKIJIANDIKISHA TUTANYANG'ANYWA

Wazo hili lina mizizi, na hatuwacheki wanaolisema. Wazee wanaikumbuka kodi ya kichwa ya wakoloni. Hata sisi wa umri wa kati tunaikumbuka kodi ya maendeleo, mpaka ilipofutwa mwaka 2003, jinsi mgambo walivyokuwa wakija alfajiri na wanaume wakalala porini. Kodi ile ilimdai mtu kwa sababu ana kichwa, awe amevuna au amekosa.

Kodi ya mapato ya chama si ya namna hiyo. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, chombo kama kampuni au chama hutozwa asilimia 30 ya faida. Tunarudia: ya faida, si ya mauzo. Tuchukue mfano wa kujifunzia. Tuseme kwa mwaka mashine imeingiza shilingi 12,000,000. Matumizi yakawa hivi:

Dizeli: 5,400,000
Mishahara ya mwendeshaji na mlinzi: 2,400,000
Vipuri na fundi: 1,200,000
Vitabu, nauli na mengineyo: 600,000

Jumla ya matumizi ni 9,600,000, na kinachobaki ni 2,400,000. Sheria pia inaruhusu kupunguza uchakavu wa mashine, kwa kuwa kila mwaka inazeeka. Tuseme uchakavu ni 1,000,000. Faida ya kutozwa kodi inakuwa 1,400,000, na asilimia 30 yake ni 420,000.

Sasa angalieni hapa, maana ndipo penye jambo. Tuseme mweka hazina amenunua dizeli ya 3,000,000 kwenye madumu ya barabarani bila risiti. Mkaguzi wa kodi atauliza: risiti iko wapi? Haipo. Basi matumizi hayo yanaweza kukataliwa, na faida kwenye karatasi itapanda kuwa 4,400,000. Kodi itakuwa 1,320,000. Tumeongeza shilingi 900,000 kwa kukosa vipande vya karatasi! Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga walisema hivyo kabla TRA haijaanza kazi mwaka 1996.

Tena kuna jambo lingine. Sheria hiyo hiyo inatoa msamaha kwa vyama vya msingi vya ushirika vinavyofanya kazi za kilimo na za wanachama wake, ikiwa mauzo hayazidi kikomo kilichowekwa. Kikomo hicho kimewahi kubadilishwa, kwa hiyo wajumbe wetu watauliza kiwango kilichopo siku watakapokwenda. Lakini asiyeandikishwa hana msamaha wa kuomba. Atakayetetewa na sheria ni yule mwenye hesabu mezani.

KARATASI ZA KUTAFUTA

Ndugu wanachama, namba yenyewe haiuzwi, inatolewa bure. Akija mtu akasema anaiuza, huyo anataka fedha zenu. Kazi iko katika kukusanya karatasi. Tumeziandika kwa utaratibu ili kila mmoja ajue:

1. Cheti cha kuandikishwa kwa chama kutoka kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Tunacho. Kitolewe vivuli vitatu, na chenyewe kirudi kwenye sanduku siku hiyo hiyo.

2. Masharti ya chama, yenye mhuri wa Mrajis. Nakala iliyopo imeliwa na mchwa kurasa mbili. Katibu aombe nyingine kwa Ofisa Ushirika wa wilaya.

3. Muhtasari wa mkutano uliochagua viongozi, na muhtasari wa leo ukionyesha kwamba wanachama wameamua kuanzisha biashara ya kukoboa. Usomwe, urekebishwe, utiwe sahihi. Muhtasari usio na sahihi ni barua tu.

4. Namba za kitambulisho cha Taifa za Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina, pamoja na namba zao wenyewe za mlipakodi.

5. Barua ya utambulisho kutoka Serikali ya Kijiji.

6. Karatasi ya mahali pa biashara. Kiwanja cha ghala tulipewa na kijiji. Muhtasari wa uamuzi huo na barua ya kutupatia kiwanja vitafutwe ofisini kwa Mtendaji.

7. Stakabadhi ya kununulia mashine. Hii itunzwe kama mtoto, kwani uchakavu utahesabiwa kutokana nayo.

Neno moja juu ya majina. Kwenye cheti jina la chama limeandikwa kwa urefu. Kwenye mhuri limefupishwa, na kwenye kitabu cha benki limekosewa herufi moja. Sisi tunajua ni chama kile kile, lakini ofisi haijui. Tena Mwenyekiti wetu kijijini tunamwita kwa jina la baba yake, na kwenye kitambulisho ana jina la ubatizo. Majina yote yafanane na yale ya kwenye cheti na kitambulisho kabla hatujapanda basi. Tukikosa hapo, tutalipa nauli mara mbili.

BAADA YA KUPATA NAMBA

Wengine hudhani ukishapata namba kazi imekwisha. Hapana, ndipo inapoanza. Chama kitapeleka makadirio ya faida ya mwaka, na kodi ya makadirio italipwa kwa mafungu manne. Kama mwaka wetu wa hesabu ni wa Januari mpaka Desemba, mafungu huangukia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mwaka ukiisha, ndani ya miezi sita tunapeleka hesabu kamili zilizothibitishwa na mhasibu mwenye sifa. Hata tukipata hasara, hesabu zinapelekwa. Atakayenyamaza atapigwa faini kwa kunyamaza, si kwa faida.

Mwenye duka akadiriwe kwa mauzo yake, huyo ni mtu binafsi. Chama ni chombo, kinahukumiwa kwa vitabu. Ndiyo maana tunaomba vitabu vitatu vinunuliwe leo: cha mapato, cha matumizi, na cha stakabadhi. Karatasi zitunzwe miaka mitano, juu ya rafu, mbali na panya na mvua.

KAZI KWETU

Kamati inapendekeza mambo matatu, na inaomba wanachama wanyooshe mikono.

Kwanza, mashine iandikishwe kwa jina la chama, isiwe kwa jina la mtu yeyote, hata kwa siku moja.

Pili, Katibu na Mweka Hazina wapewe wiki mbili kukusanya karatasi saba tulizozitaja. Ijumaa ya pili ziletwe hapa ghalani, zikaguliwe na wanachama wenyewe kabla ya safari ya wilayani.

Tatu, tangu leo hakuna shilingi ya chama itakayotoka bila risiti, hata ikiwa ni ya sabuni ya kunawia mikono ya fundi.

Tunajua mpunga uko ndani na watu wana haraka. Wiki mbili si nyingi kwa watu waliochanga misimu mitatu. Mashine itakoboa mpunga wetu, na siku atakapokuja mtu yeyote kuuliza ni ya nani, tusibishane naye. Tumfungulie sanduku asome.

Ushirika ni nguvu.

Kamati ya Hesabu ya Chama

(Aliyesoma amsomee mwenzake asiyeona vizuri. Tafadhali karatasi hii isibanduliwe.)